Bei ya Marekani, Mfuko wa Lamu

Tangu Novemba 2023, mimi niishiye Muscat naweza kununua gemu nyingi za kompyuta kwa bei iliyo chini ya ile anayotakiwa kulipa mpwa wangu aliyeko Langoni, Lamu. Duka ni lile lile la Steam, gemu ni ile ile, na faili zinazoshuka kwenye kompyuta yake hazina tofauti na zangu. Kinachotofautiana ni nchi iliyoandikwa kwenye akaunti. Vijana wa nyumbani wameniuliza mara nyingi kwa nini sisi tulioko Ghuba, ambao kwa fikira zao hatujui shida ya pesa, tunapunguziwa na wao hawapunguziwi, na kwa kuwa jibu lake halienei katika ujumbe wa simu nimeona niliandike kwa urefu.

Steam ni duka la kampuni ya Marekani iitwayo Valve, nalo humruhusu mchapishaji wa kila gemu kuweka bei mbalimbali kulingana na sarafu na kanda, yaani makundi ya nchi, zinazotambuliwa na duka. Valve hutoa mapendekezo ya bei, ambayo iliyapitia upya Oktoba 2022, lakini mwenye kauli ya mwisho ni mchapishaji. Mhindi hulipa kwa rupia tangu 2015. Mpakistani, Mnepali na mtu wa Sri Lanka hulipa kwa dola, ila ni dola zenye bei ya kanda yao ya Asia Kusini. Katika Afrika nzima sarafu iliyomo ni moja tu, randi ya Afrika Kusini. Shilingi ya Kenya haimo, wala ya Tanzania, wala ya Uganda, na hakuna kanda yoyote iliyobuniwa kwa ajili yetu. Mnunuzi wa Lamu huonyeshwa bei kwa dola, na bei hiyo ni ile ile anayoonyeshwa mtu wa Texas.

Oman nayo haikuingizwa kwa sarafu yake, na mpaka 2023 tulikuwa safu moja na Kenya. Kilichotubadilishia hali ni msiba wa watu wengine. Lira ya Uturuki na peso ya Argentina zilikuwa zikiporomoka kwa kasi ambayo wachapishaji hawakuweza kuifuata, na tarehe 20 Novemba 2023 Valve ikaziondoa sarafu hizo mbili dukani, ikawaambia watu wa nchi hizo walipe kwa dola zenye bei ya kanda. Uturuki ikaunganishwa na nchi za Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini zilizokuwa zikilipa dola kamili: Misri, Morocco, Iraq, Yemen, Sudan na nyinginezo, Oman ikiwamo. Kwa Mturuki lilikuwa pigo, kwa sababu gemu alizozoea kuzipata kwa lira chache zilipanda mara kadhaa kwa usiku mmoja. Kwa Myemeni na Msudani ilikuwa nafuu ya haki kabisa. Sisi wa Muscat tulifaidika kwa sababu tu ya mahali tulipo kwenye ramani, kwani sidhani kama kuna aliyepima mishahara ya hapa na ya Lamu kabla ya kuamua nani aingie ndani ya mstari na nani abaki nje.

Ni lazima niseme pia kwamba nafuu hiyo haipatikani kwa kila gemu. Mchapishaji asipojishughulisha kuweka bei ya kanda, mnunuzi hutozwa dola za kawaida, na wako wakubwa wasiojishughulisha.

Msingi wenyewe wa bei tofauti siupingi. Mvuvi wa Lamu hamuuzii mwenye hoteli ya Shela na jirani yake wa Langoni samaki aina ya changu kwa bei moja, na hakuna anayemwita mwizi kwa hilo, kwani jirani akitajiwa bei ya hoteli atapika maharage na samaki ataoza. Gemu haiozi, lakini hesabu yake ni nyepesi zaidi, maana nakala moja ya ziada haimgharimu mtengenezaji karibu chochote, na kila asiyeweza kulipa bei kamili akilipa nusu, nusu hiyo ni faida ambayo isingekuwapo. Bei ya jirani hudumu maadamu hoteli haiwatumi watoto wa mtaani wakainunulie samaki kwa jina la mama zao. Siku mvuvi akilitambua hilo, bei hupanda kwa wote, na anayeumia si mwenye hoteli.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Argentina na Uturuki. Kuporomoka kwa sarafu kulikuwa sababu kubwa, lakini kwa miaka mingi watu wa nchi tajiri walikuwa wakitumia programu za VPN, zinazoficha mahali mtu alipo, ili waonekane kuwa wakazi wa Buenos Aires au Istanbul na wanunue kwa bei ya huko. Mkataba wa Steam unalikataza jambo hilo, na mtu hawezi kubadilisha nchi ya akaunti yake bila kulipa kwa njia ya malipo ya nchi anayohamia. Hata zawadi ina mipaka: tangu 2017, ikiwa bei ya gemu katika nchi mbili inapishana sana, Steam haikubali itumwe kutoka nchi moja hadi nyingine. Wenzangu wanaofikiri watanunua kwa bei ya Oman na kuwapelekea wadogo zao Mombasa au Lamu wafahamu kwamba pale tofauti inapokuwa na maana ndipo mlango unapofungwa. Mimi humtumia mpwa wangu pesa kwa simu akanunua mwenyewe, hata kama najua zawadi hiyo imekuwa ghali kuliko ile ambayo ningejinunulia.

Ulaya walilipeleka jambo la mipaka mbele ya sheria. Januari 2021 Tume ya Ulaya iliitoza Valve na wachapishaji watano faini ya jumla ya euro milioni 7.8 kwa kuzuia gemu zilizonunuliwa katika baadhi ya nchi za Ulaya Mashariki zisifunguke katika nchi nyingine za Umoja wa Ulaya. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki haina haja ya kesi kama hiyo, kwa kuwa bei ni ile ile ya Marekani kila upande wa mpaka na hakuna cha kuvusha Lungalunga.

Bei ya dola ina uchungu wa pili ambao aliye Ghuba huusahau upesi. Mwaka 2019 dola ilibadilishwa kwa shilingi mia moja na kidogo, na gemu kubwa mpya iliuzwa dola 60, yaani kama shilingi 6,200. Konsoli za kizazi kipya, yaani mashine za kuchezea gemu kwenye televisheni, zilipotoka mwishoni mwa 2020, wachapishaji wakaanza kuitisha dola 70. Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160, na gemu hiyo ikafika shilingi 11,200. Shilingi ilipojikaza baadaye mwaka huo ikarudi kwenye 129 hivi, bei ikashuka hadi kama 9,000, bila mchapishaji kufanya lolote, kupanda wala kushuka. Rial ya Oman imefungwa kwenye dola kwa kiwango kile kile tangu 1986, rial moja kwa dola 2.6, kwa hiyo misukosuko yote hiyo kwangu ilikuwa kutoka rial 23 hadi rial 27. Mpwa wangu alinipigia katika miezi ile, akanisalimu kwa heshima zote, kisha akauliza: «Mjomba, kwani gemu huko kwenu nazo hupanda pamoja na dola?» Nilimjibu kwamba huku dola haipandi. Alinyamaza kidogo, nadhani akipima kama namfanyia mzaha.

Matokeo yake ni kwamba kijana wa Lamu anayependa gemu za kompyuta hujifunza subira kuliko mnunuzi wa kawaida wa Ulaya. Huiweka gemu kwenye orodha yake na kungoja punguzo la kiangazi au la majira ya baridi, akaikosa, akangoja la mwaka unaofuata, mpaka gemu ya dola 60 ifike dola 15 au 12. Tangu M-Pesa ilipotoa kadi yake ya Visa ya mtandaoni mwaka 2022, angalau hana haja ya kumwomba mtu wa benki amkopeshe kadi. Lakini huwa anacheza leo kile ambacho wengine walikimaliza zamani, na mazungumzo yake na binamu zake wa Muscat kuhusu gemu hayakutani.

Wengi zaidi wameshaondoka sokoni kabisa. Wako kwenye simu, wakicheza gemu ya kandanda ya eFootball, ambayo kampuni ya Konami imeifanya ya bure tangu 2021, au Free Fire, ambako mtu haombwi kitu mlangoni ila huuziwa almasi, zilizo kama pesa za ndani ya gemu, kidogo kidogo akiwa ndani. Simlaumu anayechagua njia hiyo, ingawa nawajua waliotumia humo, kwa vipande vya shilingi hamsini hamsini, zaidi ya bei ya gemu kamili.

Kwa upande wa konsoli, diski ndiyo iliyomtendea mtu wa Lamu haki ambayo hakuna kanda iliyompa. Enzi za PlayStation 2 konsoli zilifungwa kulingana na kanda ya nchi zilikouzwa, na diski ya Marekani au Japani haikufanya kazi kwenye mashine ya kwetu mpaka fundi aitie chipu, kazi ambayo mafundi wa Mombasa waliimudu vizuri, na ambayo iliruhusu pia diski za kunakiliwa, tusijifanye hatukumbuki. PlayStation 4 na 5 hazina kufuli hilo kwa diski za gemu. Diski iliyonunuliwa ikiwa imetumika huku Muscat husafiri ndani ya sanduku, kati ya udi na vitambaa, ikafika Lamu na kuchezwa siku hiyo hiyo. Na ikifika haiwi ya mtu mmoja. Banda la gemu lenye televisheni mbili na padi nne hulipisha vijana kwa mechi, na diski moja ya kandanda hulipiwa na mtaa mzima kwa shilingi chache kila mmoja, kisha ikichakaa thamani huuzwa au hubadilishwa na ya banda lingine. Gemu za kandanda hutoka kila mwaka, na mpya ikitoka ya zamani huanguka bei vibaya sana, ingawa kilichobadilika zaidi ni orodha za wachezaji. Ndiyo maana katika banda ninalolifahamu Mbappé bado yuko Paris, kwa sababu diski iliyopo ni ya EA Sports FC 24, na aliyehamia Madrid yumo katika ile ya mwaka uliofuata. Watoto humzomea mgeni anayelitaja jambo hilo.

Kwa hiyo naona tishio kubwa kwa mnunuzi wa kwetu ni kutoweka kwa diski, kuliko hata dola 70. Mwaka 2013 Microsoft ilitaka kuweka masharti juu ya diski zilizotumika katika konsoli yake ya Xbox One, ikarudi nyuma ndani ya wiki chache kwa kelele za wanunuzi. Siku hizi hakuna anayepiga kelele. Tangu 2020 kuna PlayStation 5 isiyo na sehemu ya diski, na ile ya Pro iliyotoka 2024 haina kabisa mpaka uinunue kando. Mwenye konsoli ya namna hiyo hana gemu ya kuazima wala ya kuuza, na amebakiwa na duka moja tu la kununulia.

Na duka hilo, la PlayStation, halitolewi rasmi kwa Kenya. Anayefungua akaunti akiwa Lamu hulazimika kuchagua nchi nyingine, kwa kawaida Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, na akishachagua hawezi kuibadilisha. Akitaka nchi nyingine hufungua akaunti mpya na kuziacha gemu zake nyuma. Kadi za kuongeza pesa nazo hukubali nchi ya akaunti peke yake. Mei 2024 ulimwengu ulilisikia jambo hili kwa siku chache, Sony, kampuni yenye PlayStation, ilipotaka wachezaji wa gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation na gemu hiyo ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177 yasiyo na huduma hiyo. Sony ililiacha sharti hilo baada ya malalamiko. Watu wengi walishangaa kusikia kwamba kuna nchi nyingi hivyo. Sisi hatukushangaa.

Gabe Newell, mmoja wa waanzilishi wa Valve, alisema mwaka 2011 kwamba uharamia wa gemu, yaani kuzinakili bila kulipa, hutokana na huduma mbovu kuliko bei. Kwa Ulaya huenda alisema kweli. Lamu huduma ya Steam ni nzuri, intaneti ikikubali, na bado gemu zilizovunjwa kufuli zao huzunguka kwenye flashi, kwa sababu huduma nzuri yenye bei ya California ni dirisha la kutazamia tu.

Kwa wenzangu wa ughaibuni wanaoulizwa na jamaa wapeleke konsoli gani, jibu langu ni kwamba wapeleke yenye sehemu ya diski, hata kama ni PlayStation 4 iliyotumika, na waikague diski inasoma kabla ya kufunga sanduku. Akaunti ifunguliwe kwa nchi ambayo kuna mtu wa kuaminika wa kuwanunulia kadi, na jambo hilo liamuliwe siku ya kwanza. Anayeuza misimbo ya kufungulia gemu kwa bei ya chini mtandaoni aepukwe, kwa kuwa baadhi yake hununuliwa kwa kadi za wizi na hufutwa baadaye, na pesa ya aliyenunua hairudi. Kama jamaa anataka gemu za kompyuta, atumiwe pesa mwezi Juni au Desemba, wakati wa punguzo, na aachiwe achague mwenyewe.