Baada ya mpini wa pampu kung'olewa

Wengi wanaosimulia kipindupindu cha mwaka 1854 katika mtaa wa Soho, London, hukomea tarehe 8 Septemba, siku ambayo mpini wa pampu ya Broad Street uling'olewa, baada ya Dakta John Snow, aliyeamini kwamba maji ya pampu hiyo ndiyo yaliyoeneza ugonjwa, kuzungumza na wasimamizi wa maskini wa parokia ya St James, Westminster (parokia wakati huo ilikuwa pia ngazi ya serikali ya mtaa). Mimi huvutiwa zaidi na yaliyofuata, kwa kuwa hapo ndipo parokia yenyewe inapoonekana ikifanya kazi, tena kwa kusuasua. Snow mwenyewe alikiri kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua, kwani wakazi wengi walikuwa wamekimbia.

Parokia iliunda kamati ya uchunguzi, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo kasisi kijana, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakuamini hata kidogo kwamba maji ndiyo yaliyoua. Whitehead aliwafahamu watu wa mitaa ile, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza nani alikunywa wapi na lini, na pengine akarudi kwenye mlango uleule mara kadhaa. Ndivyo alivyogundua kwamba katika nyumba namba 40, karibu kabisa na pampu, mtoto mchanga alianza kuharisha kabla ya wengine, na mama yake alimwaga maji ya nepi katika shimo la maji taka mbele ya nyumba. Shimo lilipofukuliwa mwaka 1855, matofali yake yalikuwa yameoza na kuachana, na kutoka hapo hadi kwenye kisima cha pampu hapakufika futi 3. Ushahidi huo, kwa maoni yangu, unauzidi ule wa mpini.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria iliyozitaka halmashauri za parokia za London kuajiri daktari wa afya pamoja na wakaguzi wa uchafu, ambao leo tungewaita mabwana afya. St James ilimchagua Edwin Lankester. Jina la cheo lilikuwa kubwa kuliko mamlaka yake: daktari alichunguza, akaandika taarifa na kupendekeza, lakini fedha na uamuzi vilibaki kwa wajumbe waliochaguliwa na walipa kodi ya majengo, na katika halmashauri za namna hiyo hawakukosekana wenye maduka na wenye nyumba za kupangisha. Mkaguzi aliyeshuka katika chumba cha chini ya ardhi, akakuta choo kimefurika, aliweza kujikuta akimshtaki mtu anayekaa katika kikao kinachomlipa mshahara. Sishangai kwamba kodi ilizungumzwa kwa ukali kuliko kuhara.

Na ule mpini? Wakazi waliyapenda maji yale kwa ladha yake, wakaomba pampu ifunguliwe tena, na halmashauri ikawakubalia.