Shema ya Kunong'ona

"Babu, mbona unanong'ona?"

Mjukuu wangu aliniuliza hivyo Ijumaa iliyopita, mishumaa ya Sabato ikiwa bado inawaka. Amefundishwa kwamba mstari wa kwanza wa Shema, sala ya Kiyahudi ya kukiri kwamba Mungu ni mmoja, husemwa kwa sauti, na ule unaofuata ndio husemwa chini chini. Mimi huinong'ona yote. Nilimwambia koo linanisumbua. Halikuwa linanisumbua, na usiku ule sikupata usingizi.

Aprili 1979 nilikuwa na miaka tisa, kijijini kwetu karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda. Tangu nipate akili nilikuwa nimeisikia Shema kwa mnong'ono tu, nikaamini ndivyo Mungu anavyotaka kuitwa. Wazee wetu walimfuata jemadari wa Kiganda, Semei Kakungulu, alipotahiriwa mwaka 1919 akatangaza kuwa sisi ni Wayahudi, na wao walisali mchana kweupe. Kisha akaja Idi Amin, tukapigwa marufuku. Nyumba za sala zilifungwa, watu wakapungua, huyu kaenda kanisani, yule msikitini, hadi tukabaki mamia machache. Siwalaumu hata leo. Baba mdogo alikuwa mmoja wao. Alibadili jina, akaacha kuja kwetu, na Taata, baba yangu, akaacha kumtaja, kwa jina la zamani wala jipya.

Pasaka ya mwaka ule iliingia jioni ya tarehe 11. Maama alikuwa ameoka mikate isiyotiwa chachu kwa unga ambao sijui aliupata wapi, maana siku zile hata chumvi na sabuni vilikuwa vitu vya magendo. Kwa mboga chungu alichuma majani ya omululuza nyuma ya nyumba. Dirisha lilifungwa, gunia likatundikwa juu yake. Lakini Pasaka huja na mwezi mpevu, na mwanga wake ulikuwa ukipenya kila ufa wa mlango.

Taata alisoma kitabu cha Kutoka kwa Kiganda, kidole kikifuata mstari kwenye mwanga wa tadooba, kibatari chetu cha mafuta ya taa. Alipofika pale Waisraeli wanapoamriwa kwamba mtu asitoke mlangoni mwa nyumba yake mpaka asubuhi, tukasikia hatua.

Zilikuwa za mtu mmoja, kwenye matope. Zilikuja mpaka mlangoni zikasimama. Maama alinivuta kifuani pake, na moyo wake ulikuwa ukipiga sikioni mwangu. Mimi nilikuwa nakitazama kidole cha Taata. Kilikuwa kinatetemeka, nacho hakikuondoka kwenye lile neno. Mlango uligongwa mara moja, polepole, kama anayegonga naye anaogopa kusikika. Taata akafumba macho. "Shema Yisrael," alinong'ona, nasi tukafuata, "Adonai Eloheinu..." Pumzi ikamwishia hapo.

Kutoka upande wa pili wa mlango, kwa mnong'ono uleule, sauti ikamalizia: "Adonai Echad."

"Kaka, ni mimi."

Taata alifungua mlango kwa upana wa kiganja. Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye mbalamwezi, suruali imelowa hadi magotini. "Adduse," alisema. Amin amekimbia. Redio ilikuwa imetangaza kwamba Kampala imeanguka. "Ningengoja kesho, lakini nilikumbuka leo ni usiku gani."

Hakuna aliyeshangilia. Kampala ilikuwa huru, Mbale bado, na askari wa Amin walikuwa wakikimbilia upande wetu wa mashariki. Taata hakumwambia ingia, wala hakumwambia nenda. Maama ndiye aliyenyanyuka, akamega mkate, akampitishia kwenye ule upenyo. Aliupokea kwa mikono miwili. Sikuona kama aliula, maana mlango ulifungwa, na Taata akarudi kwenye mstari wake akaendelea kusoma.

Mengine yalikwenda haraka. Watanzania walifika, marufuku ikaondoka, tukafungua madirisha. Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya askari, lugha ya kuamriwa ulale chini. Ndipo kwa mara ya kwanza nikamsikia mtu mwenye bunduki akimwamkia mzee "shikamoo". Huenda ndiyo maana leo naandika kwa lugha hii bila kinyongo.

Watu husema imani huondoa hofu. Taata haikumwondolea, niliiona kidoleni. Labda ilimpa tu mahali pa kukiweka hicho kidole, na labda baba mdogo, aliyevuka matope na vizuizi vya askari kuja kwenye mlango uliomkataa, alikuwa na imani kutuzidi sote. Nimeliwaza hili miaka mingi na bado sijalimaliza.

Hakurudi kusali nasi. Alizikwa na watu wa dini aliyoihamia, kwa heshima zote. Mimi nilisimama nyuma ya waombolezaji nikamsomea Shema, mstari wote, kwa sauti ileile aliyotujibu nayo mlangoni.