Picha imeacha kuganda

Leo jioni Baba alikuwa anaangalia taarifa ya habari kwa njia ya intaneti. Mtangazaji akaganda mdomo wazi, kiduara kikaanza kuzunguka.

Baba hakulalamika. Aliweka rimoti chini, akasubiri kimya.
Iliniuma sana kumwona vile.

Nikapima kasi kwa simu. Chumbani kando ya ruta, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi: Mbps 20 (megabiti kwa sekunde). Sebuleni mbele ya TV: 3!

Basi kifurushi hakina shida, mawimbi yanafia kwenye kuta za tofali. TV hupakua sekunde kadhaa mbele ya unachokiona na kuziweka akiba. Akiba ikiisha, picha inasimama. Na picha ya HD, yaani ya ubora wa juu, inataka kama Mbps 5 hivi.

Nikajaribu mtandao wa pili wa Wi-Fi, wa masafa ya 5 GHz, ukawa dhaifu zaidi, maana haupenyi ukuta vizuri kama ule wa 2.4 GHz.

Tukavuta waya kutoka kwenye ruta, ukapita juu ya mlango mpaka nyuma ya TV.

Habari ikaenda bila kukatika hadi michezo. Baba akaongeza sauti. Jamani, nilivyofurahi!

Nyie wenye nyumba za kuta nene, ruta mmeiweka wapi? Kuna aliyejaribu kifaa cha kuongeza mawimbi?