Michoro ya Zorn: mtafute mtu mwenye paleti kwanza
Mkiingia Nationalmuseum, makumbusho ya sanaa ya Stockholm, Uswidi, msikimbilie picha kubwa ya "Midvinterblot" ya Carl Larsson. Ina upana wa mita 13 na ushee, iko juu ya ngazi kuu, haikimbii. Itafuteni kwanza picha ya 1896 ambayo Anders Zorn, mchoraji wa Uswidi, amejichora yeye na mwanamitindo wake. Tazameni paleti mkononi, yaani kibao cha kuchanganyia rangi: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu na nyeusi. Basi.

Buluu iko wapi? Nyeusi ya mifupa iliyochomwa ikichanganywa na nyeupe hutoa kijivu baridi, na kikikaa kando ya ngozi yenye joto, jicho linakisoma kama buluu. Nyeusi na manjano hutoa kijani kibichi cha mzeituni. Wanaojaribu nyumbani hukwama hapo: wanazidisha nyeusi, ina nguvu sana, rangi yote inakuwa tope. Weka kidogo kwa ncha ya kisu. Kosa la pili ni kung'arisha ngozi kwa nyeupe peke yake. Inapauka kama chokaa, kwa hiyo ongeza manjano kidogo. Nyekundu ya zamani ilikuwa na zebaki, leo tumieni ya kadmiamu.

Ila msiamini kwamba hakugusa rangi nyingine. Penye maji na majani aliongeza alichohitaji.

Vyumba vya picha za rangi za maji vina mwanga hafifu, kama luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), kwa sababu karatasi na rangi hizo hufifia. Simameni dakika mbili, macho yazoee.