Karanga, jua la Novemba na taa ya geti

Kilomita 6.2! Jana Karanga, hamsta wangu (mnyama mdogo wa kufugwa, jamii ya panya), alitoka kiotani saa moja na nusu jioni, akapanda gurudumu lake la kukimbilia, na kufikia alfajiri mita ya gurudumu ilisoma 6.2. Wiki tatu zilizopita hamsta huyuhuyu hakuwa akifikisha hata 2, na kutoka kwenyewe ni saa saba usiku, anachungulia kama mwenye deni.

Lawama zote nilikuwa nimelitupia jua, na sikulionea bure. Dirisha langu hapa Kasarani, Nairobi, linatazama kusini. Nilipoweka hapo tangi lake la kioo Julai palikuwa kivuli kutwa, nikajiona fundi. Nikasahau kwamba sisi tuko kusini kidogo tu mwa ikweta: mwishoni mwa Septemba jua linatupita utosini, na kuanzia hapo mpaka Machi linaingia kwa madirisha ya kusini. Novemba nikarudi saa nane mchana nikamkuta kajitandaza kama chapati, anahema mbiombio, kidevu kimelowa mate. Ndani ya tangi digrii 37, chumbani 25. Hamsta hatoki jasho, na kioo juani ni oveni. Nilimtoa, nikamlaza penye ubaridi, nikampa maji. Baada ya saa moja hivi akanyanyuka.

(Vile vipimajoto vya kubandika kioo kwa mpira, tupeni. Changu kilikuwa kinasoma kioo, si hewa. Nunueni chenye waya, mzamishe ncha kwenye maranda.)

Basi nikaapa jua halimgusi tena. Foili, kadibodi, mwishowe shuka la Kimasai juu ya tangi zima, asubuhi hadi jioni. Joto likashuka hadi 24. Mbio zikabaki 1.8, 1.6, 1.9. Nilibadilisha chakula, nikatia gurudumu mafuta, nikamkagua kucha. Wapi! Wenzangu wanaofuga walinikumbusha yale yanayosemwa juu ya shuga glaida, wale wanyama wadogo wa usiku wanaoelea hewani toka mti hadi mti, kwamba mwanga wa jua unawapofusha, nami nikaongeza shuka la pili.

Kilichoniokoa ni stima kupotea. Jumanne ploti nzima ilikuwa giza, na asubuhi mita ikasoma 5.4.

Kumbe mwishoni mwa Oktoba, baada ya pikipiki kuibiwa, waliweka taa kubwa ya LED getini, nayo inamulika dirisha langu usiku kucha. Na mimi nikirudi kazini jioni hulivua shuka ili apate hewa! Mchana nampa giza, usiku nampa mwanga. Mnyama wa usiku akiona mwanga usio na mwisho hujificha, na saa yake ya mwilini huchelewa.

Nilishuka kumbembeleza soja wa geti.

"Mkubwa, nizime taa ya geti kwa sababu ya panya?"

Sikuwa na jibu. Nimesogeza tangi hadi ukuta wa ndani, jua lisipofika kabisa, nikatundika pazia zito la usiku. Mashuka yote nimetoa. Mchana anapata mwanga wa kawaida wa chumba, na akiuchoka ana kiota chake. Juzi nilimwona saa nne asubuhi akitoka kunywa maji, hana wasiwasi. Macho ya wanyama wa usiku yameumbwa kwa giza, kwa hiyo jua la moja kwa moja hapana, lakini mwanga wa mchana wenyewe hauwapofushi, tena wanauhitaji ili wajue usiku umeingia.

Bila mita nisingegundua lolote. Ni ile mita ya baiskeli inayouzwa barabara ya Luthuli, mjini Nairobi, sumaku kwenye gurudumu, mzunguko nimeuweka sentimita 88. Kamera niliyokuwa nikiitamani ingenionyesha hamsta aliyelala tu.

Niliahidi kwamba wiki hii ningejenga kizimba cha mbao chenye wavu. Mbao bado ziko chini ya kitanda, kwa sababu nimenunua taa ndogo nyekundu. Rangi hiyo hamsta haioni vizuri, nami nataka kumtazama akikimbia. Nimeshaichomea waya, mita iko sifuri, na sasa hivi ni saa moja na dakika kumi.