Anko na virusi vya sungura

Jana kitinda mimba wangu amepasua yai akapiga nduru, "Mama, kuna damu, kifaranga kimekufa!" Nikamwambia wacha hizo, ni kamshipa tu ka kuku kalipasuka yai likitengenezwa, kula. Wapi, akanywa chai kavu akaenda shule. Mimi nikabaki hapo jikoni nikimfikiria anko.

Wacha niwaambie mguu wake ulivyokuwa zamani. Madoa ya zambarau, umefura mpaka kiatu hakiingii, na watu wa Nyalenda washaongea yote ya kuongea. Kaposi, saratani ya mishipa ya damu. Nilikuwa nasomea mambo ya maabara hapa Kisumu na siku moja mwalimu akatuletea mayai yaliyokuwa kwa mashine ya kuangulia zaidi ya wiki. Akashika moja, akakata ganda polepole na kamakasi kadogo, dirisha la ukubwa wa shilingi, halafu akavuta kale kangozi keupe na kibanio. Nikainama. Wueh. Mishipa imetambaa kote kama mito inayoingia ziwani, minene kwa myembamba, na yote inacheza, tup tup tup, kwa sababu moyo wenyewe ulikuwa ushaanza kazi pale chini. "Pumua kando!" akanifokea, na mimi hata sikuwa najua napumua.

Akasema uvimbe wa saratani nao unataka mishipa hivo hivo, daktari Folkman wa Marekani alishaandika hiyo mwaka wa 1971, ati bila damu yake uvimbe unakwama kwa milimita chache tu. Sasa virusi vya Kaposi, vile watafiti Chang na Moore waligundua 1994, vinachochea mishipa iote ovyo, ndio hiyo zambarau. Lakini kuna virusi vya sungura, miksoma, vina protini inaitwa Serp-1, na watafiti walipoiweka kwa utando wa yai kama huo wetu, mishipa ikapunguza kuota.

Sikungoja wikendi. Nikaenda kwa anko jioni hiyo hiyo nikamwaga yote, anasikiza tu, mguu juu ya stuli. Alafu akaniuliza, "Nyathina, mguu umeharibiwa na virusi, na dawa ni ya virusi vya sungura. Hao sungura wenyewe walipona?"

Nikanyamaza, maana Australia waliachilia hiyo miksoma mwaka wa 1950 makusudi wamalize sungura, na walikufa kweli kweli.

Anko alipona na ARV na kemo za kawaida. Serp-1 ilijaribiwa kwa wagonjwa wa moyo waliowekewa stenti, kale kabomba ka kufungua mshipa, ya uvimbe bado sijaiona kwa famasi yoyote. Kila tukikutana matangani ananiuliza sungura wanaendeleaje, namwambia anko, protini moja iliyosafishwa si virusi vizima, na yeye anaguna tu anaongeza supu.