Kabla hatujakubaliana pumzi moja ni nini

Kikao changu cha kwanza kwenye taasisi kilichukua saa mbili na nusu. Nilitoka na kurasa nne za maandishi, lakini nisingeweza kumweleza mtu yeyote tulichokubaliana. Si kwamba watu waligombana. Wangegombana ingekuwa afadhali. Walikuwa wakiitikiana kwa vichwa: daktari wa watoto, mhandisi wa vifaa tiba, mwanaanthropolojia (mtafiti wa maisha na desturi za watu) na muuguzi mwenye miaka mingi wodini. Kila mmoja alilitumia neno "kuthibitisha", na kila mmoja alimaanisha lake.

Mimi ni mtakwimu. Nilitoka idara ya hisabati, mahali ambapo mtu anaweza kumaliza mwaka mzima bila kumhitaji mwenzake, nikahamishiwa kwa nusu ya muda wangu kwenye taasisi ya utafiti wa afya na tiba ya chuo hichohicho. Taasisi kama ile haina somo lake yenyewe. Inawakusanya watu wa vitivo mbalimbali kuzunguka tatizo moja la afya, halafu kila mtu anabaki na mguu mmoja idarani kwake. Una wakuu wawili, vikao vya aina mbili, na fomu mbili za kupandishwa cheo ambazo hazijuani. Niliambiwa kazi yangu itakuwa kuratibu upande wa data. Haukupita mwezi nikagundua kwamba hata hilo neno "data" mle ndani lilikuwa na maana nne.

Mradi wenyewe haukuwa mgumu kuueleza. Hakuna maambukizi yanayoua watoto wadogo wengi duniani kuliko nimonia, na pale pasipo na eksirei wala maabara mhudumu wa afya huitafuta kwa kuhesabu pumzi. Anamtazama mtoto aliyetulia kwa dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa miezi 12 hadi 59 akifikisha 40, huyo anapumua haraka, na uamuzi wa matibabu unaanzia hapo. Ndiyo mipaka ya Shirika la Afya Duniani. Ina historia ya wodini: mwaka 1984 Frank Shann na wenzake walichapisha matokeo kutoka Papua Guinea Mpya, wakionyesha kwamba kasi ya kupumua inaweza kumsaidia mhudumu kuamua mtoto yupi mwenye kikohozi anahitaji antibiotiki. Macho na saa tu.

Mhandisi wetu alikuwa ametengeneza mkanda wenye kihisi unaofungwa tumboni mwa mtoto na kuhesabu wenyewe. Tulitakiwa kujua kama unahesabu sawasawa. Sawasawa na nani? Hapo ndipo miezi minne ilipotelea.

Kwa mhandisi, kuthibitisha kulimaanisha kuufunga mkanda kwenye pafu la bandia maabara, analiendesha kwa kasi anayoijua, na mkanda unarudisha kasi ileile. Hilo lilikwishafanyika, kwa hiyo kwake kazi ilikuwa imekwisha na kilichobaki ni karatasi. Daktari alitaka mkanda uwakamate watoto wagonjwa na uwaache wazima. Namba yenyewe haikumsumbua sana. Mwanaanthropolojia alisema kifaa ambacho muuguzi hakiamini hakijathibitishwa hata kama kiko sahihi, akanyamaza, nasi tukaendelea na ajenda kana kwamba hakusema kitu. Muuguzi hakusema chochote. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa akisubiri aulizwe.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilidhani dawa ni istilahi, nikaandika faharasa ya maneno 40 na kuwagawia. Sijawahi kuona karatasi iliyopokewa kwa heshima namna ile na kusomwa kidogo namna ile.

Mambo yalianza kusogea siku mhandisi alipoleta grafu. Alikuwa amelinganisha hesabu za mkanda na hesabu za wauguzi, nukta zimejipanga kwenye mstari mzuri wa mshazari, uhusiano wa juu kabisa. Alifurahi, na daktari naye alifurahi. Mimi nikawa yule mtu anayeharibu sherehe. Nikawaambia wafikirie saa mbili za ukutani, moja imetangulia dakika kumi. Zitakwenda pamoja mchana na usiku, uhusiano wake ni kamili, na hakuna hata mara moja zitakapokuambia wakati uleule. Kinachotakiwa si kujua kama vipimo viwili vinapanda na kushuka pamoja, bali vinapishana kwa kiasi gani.

Njia ya kufanya hivyo ni ya Martin Bland na Douglas Altman, kwenye makala yao ya mwaka 1986 katika jarida la Lancet, na mfano waliotumia ni wa vifaa viwili vya kupimia kasi ya pumzi inayotolewa, jambo lililomfurahisha sana daktari wetu. Unachukua tofauti ya vipimo viwili kwa kila mtu, unaichora dhidi ya wastani wa vipimo hivyo viwili. Ukichukua wastani wa tofauti zote, ukaongeza na kupunguza mkengeuko sanifu wake, yaani kipimo cha jinsi tofauti hizo zinavyotawanyika, mara 1.96, unapata mipaka ambayo karibu tofauti 95 katika kila 100 zinatarajiwa kuangukia ndani yake. Basi. Halafu unamgeukia daktari, si mtakwimu, na kumuuliza: upana huu unaweza kuishi nao?

Tulipoichora, ule mstari mzuri ukageuka kundi la nzi. Mhandisi aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, bila hasira, "Na nyinyi mna uhakika gani kwamba wauguzi ndio wamehesabu sawa?"

Nilitaka kumjibu kwa nadharia. Bahati nzuri muuguzi aliwahi. "Tuhesabu wote," alisema. "Leteni video."

Tulikuwa na video, zilizochukuliwa kwa ridhaa ya wazazi kwa ajili ya mafunzo ya wahudumu. Tukafunga mlango, watu watano, kila mmoja na karatasi yake, marufuku kuchungulia. Mtoto wa tatu alikuwa wa miezi minane. Dakika ilipokwisha tulifunua karatasi: 46, 48, 51, 52, 55. Mpaka wa umri wake ni 50. Kwa hiyo chumba kizima cha wasomi, tukimtazama mtoto yuleyule kwa dakika ileile, wawili tulimrudisha nyumbani na watatu tulimpa antibiotiki. Daktari ndiye aliyekuwa na 46.

Hicho ndicho kikao cha kwanza ambacho watu walibishana kweli, na nilifurahi mno. Mhandisi alikuwa amehesabu kila mara tumbo linaponyanyuka, hata kwa mtikisiko mdogo, kwa sababu ndivyo mashine yake inavyoona wimbi. Muuguzi alikuwa ameruka sekunde ambazo mtoto alinyonya kidole kwa nguvu na kujinyoosha. Kwake hizo si pumzi za kuhesabiwa. Daktari alikuwa akitazama kifua, si tumbo. Mimi nilipotea katikati nikakisia, na nililikiri hilo baada tu ya mwanaanthropolojia kukiri lake.

Ilituchukua vikao vitatu kuandika nusu ukurasa: pumzi moja ni nini, tunatazama wapi, mtoto akilia tunafanyaje, akijigeuza tunaanza upya au tunaendelea, akisita kupumua kwa sekunde kadhaa tunasubiri au tunasimamisha saa. Neno "tulivu" peke yake lilikula karibu saa nzima. Mtu wa nje angetucheka. Lakini baada ya nusu ukurasa ule hesabu zetu kwenye video mpya zilikaribiana, zile zilizobaki mbali tulijua kwa nini ziko mbali, na kwa mara ya kwanza tulikuwa na kitu cha kuulinganisha mkanda nacho. Nikaitupa faharasa yangu.

Kipande kinachofuata ndicho ninachokipenda zaidi, ingawa hakikuwemo kwenye andiko la mradi. Nilipokuwa nikisafisha hesabu za zamani za wodini niliona kitu cha ajabu: namba witiri, zile zisizogawanyika kwa mbili, zilikuwa karibu hazipo. Hamsini na mbili, arobaini na nane, hamsini na sita. Pumzi za watoto hazichagui namba shufwa. Maelezo ni mamoja tu: watu walikuwa wakihesabu nusu dakika na kuzidisha kwa mbili. Tena sehemu fulani zilijaa namba zinazogawanyika kwa nne, na hapo ina maana robo dakika. Ukikosea pumzi moja katika nusu dakika umekosea mbili. Katika robo dakika umekosea nne, na nne zinatosha kumvusha mtoto mpaka.

Nilikwenda kikaoni na mchoro wangu kama mpelelezi aliyemkamata mwizi. Muuguzi alinitazama kwa huruma. "Mwanangu," alisema, "hilo kila mtu anayefanya kazi wodini analijua."

Mwanaanthropolojia ndiye aliyeomba aende akakae huko wiki kadhaa, atazame tu. Aliporudi hakuwa na majedwali, alikuwa na daftari. Dakika nzima ya mtoto kutulia, alieleza, ni kitu adimu kuliko tulivyofikiri. Mtoto anaamka, anaguswa, mlango unagongwa, mzazi anauliza swali, mgonjwa mwingine anazidiwa. Mhudumu anaipata nusu dakika safi na anaamua kwamba nusu safi ni bora kuliko nzima iliyochafuka. Si uvivu, ni hukumu ya kitaalamu ambayo fomu haina pa kuiandika. Nilikuwa nimelipa jambo lile jina la "upendeleo wa tarakimu", ambalo ni jina sahihi kabisa kitakwimu, na lilikuwa limenifungia mlango wa kuuliza kwa nini.

Kutokana na daftari lile mhandisi alibadilisha mkanda. Awali ulikuwa umeundwa kutoa namba kila baada ya dakika, kufa na kupona. Sasa, mtikisiko ukizidi, unakataa kutoa namba na kuwasha taa ya kuomba muda zaidi. Alilalamika kwamba kifaa kinachonyamaza kitaonekana kimeharibika. Muuguzi akamwambia kifaa kinachodanganya ndicho kilichoharibika, na mjadala ukaishia hapo.

Kamati ya maadili sitaikalia sana. Walitaka hojaji yenye maswali kamili kabla ya kuruhusu sehemu ya kutazama wodini, na mwanaanthropolojia hakuwa na hojaji kwa sababu kazi yake haianzi na maswali yaliyokwishaandikwa. Tulirudishiwa maombi mara mbili. Kilichotusaidia ni kuandika mwongozo wa mada badala ya hojaji, na daktari, ambaye kamati ilimzoea, kwenda mwenyewe kuutetea. Kama kuna ushauri mmoja ningempa anayeanza, ni huo: mtume mwenzako wa fani inayoaminiwa na chumba hicho, hata kama hoja si yake.

Suala la majina kwenye makala lilikaribia kutuvunja. Katika tiba, jina la mwisho ni la mkuu wa maabara na lina uzito. Katika hisabati niliyokulia, tunapanga kwa alfabeti na hakuna anayejali. Mwanaanthropolojia alizoea kuandika peke yake. Tulikubaliana kutumia masharti manne ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba: kuchangia kwa kiasi kikubwa kwenye wazo, ukusanyaji au uchambuzi, kuandika au kuhakiki rasimu, kuidhinisha toleo la mwisho, na kubeba wajibu kwa kazi yote. Yalionekana ya haki sana. Kisha nikaandaa rasimu na kumweka muuguzi kwenye shukrani.

Hakulalamika. Mhandisi ndiye aliyeniuliza mlangoni, "Yule aliyetuambia tuhesabu wote, yuko wapi?" Nikajitetea kwamba hakuandika wala kuhakiki rasimu. Alikuwa na haki ya kunicheka, kwa sababu sikuwahi kumtumia rasimu. Kanuni zenyewe zinasema anayetimiza sharti la kwanza lazima apewe nafasi ya kutimiza mengine. Nilikuwa nimezisoma kama orodha ya kuchujia watu. Nilimpelekea rasimu jioni ileile, na ikarudi na masahihisho 31, mawili yakiwa kwenye sehemu yangu ya takwimu. Jina lake lilikuwa la pili.

Matokeo, kwa ufupi: kwa watoto wa kuanzia miezi 2 mipaka ya tofauti ilikuwa finyu kiasi ambacho daktari alisema anaweza kuishi nacho. Kwa wachanga haikuwa hivyo. Mtoto mchanga hupumua kwa vipindi, pumzi za haraka kisha kimya cha sekunde kadhaa, na mkanda ulizichukua zile pumzi ndogo baada ya kimya kama mtikisiko. Mwongozo wa kliniki wenyewe unamtaka mhudumu arudie kuhesabu mchanga akifikisha 60, kwa hiyo tulijua ni eneo gumu. Mhandisi aliandika kwa mkono wake sentensi ya kwamba kifaa kisitumike chini ya miezi 2.

Sasa anataka kulirekebisha hilo. Jumanne tuna kikao, na ametuma ujumbe kwamba ameomba ridhaa na kupata video 12 mpya za watoto wachanga. Ana grafu tayari, lakini hataionyesha mpaka tumehesabu. Muuguzi ameshajibu kwamba atakuja na karatasi, na kwamba safari hii mtakwimu asikisie.